Kichocheo Hakizalishi Umeme: Hesabu ya Hewa Ukaa Ianzie Lamu

Kilo 100 za mawe ya matumbawe zikichomwa mpaka zikaiva, kinachobaki tanuuni ni kama kilo 56 za chokaa. Kilo 44 zilizosalia zimekwenda angani zikiwa hewa ukaa. Mji wa Amu, yaani Lamu, umejengwa juu ya hesabu hiyo. Kuta nene za mtaa wa Mkomani, vidaka vya majumba ya kale, mabirika ya misikiti, vyote vimeshikwa na chokaa iliyotoka katika mioto ya namna hiyo. UNESCO ilipoutia mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, kwangu mimi ilitambua pia jasho la wachoma chokaa ambao leo hatuwakumbuki kwa majina.

Kinachonishughulisha zaidi ni yanayofuata baada ya moto kuzimika. Lipu ya chokaa ikishapakwa ukutani huanza kuivuta tena hewa ukaa, taratibu, kwa miezi na miaka, hadi irudi kuwa jiwe la asili ile ile iliyoingia tanuuni. Haihitaji mtambo wala umeme. Basi kwa nini wanakemia wa dunia wahangaike miongo mingi kuigeuza hewa hiyo hiyo kuwa mafuta, plastiki au dawa? Ni kwa sababu gharama ya ukuta ililipwa mapema. Moto wa karibu nyuzi 900 uliipandisha chokaa mlimani, na inapoivuta hewa ukaa inateremka. Kuifanya hewa ukaa iwe kitu chenye nguvu ndani yake, kama methanoli, kimiminika kinachoungua kama mafuta, ni safari ya kupanda, na kila hatua ya kupanda ina bei.

Nayaandika haya kwa sababu habari ya kugeuza hewa ukaa kuwa mali imeanza kuzungumzwa kama dawa ya kila ugonjwa wa tabianchi. Mimi naiamini sayansi yake na ninatamani vijana wetu waingie humo. Ninachohofia ni habari hii kufika Lamu na Malindi ikiwa ahadi ya mwekezaji kabla haijafika ikiwa elimu.

Hewa ukaa ni kaboni iliyokwisha kuungua. Nguvu iliyokuwa katika kuni, makaa au petroli imeshatumika, na kilichobaki ni atomu moja ya kaboni iliyobanwa na atomu mbili za oksijeni, imetulia na haina haraka ya kuungana na kitu. Kuitoa katika utulivu huo kunataka nguvu kutoka nje, na mara nyingi kunataka haidrojeni. Kichocheo kazi yake ni kuuharakisha mmenyuko na kuuelekeza upande tunaoutaka, bila chenyewe kuliwa katika kazi hiyo. Huupunguza ule mwinuko wa katikati ambao molekuli lazima ziuvuke. Lakini tofauti ya kimo kati ya mahali pa kuanzia na mahali pa kufikia haibadiliki hata kidogo. Kichocheo kiwe cha shaba, cha dhahabu au cha kitu kitakachogunduliwa kesho, nguvu ya kupandia lazima itoke mahali pengine. Mtu akikuuzia mtambo wa hewa ukaa na hakutaja mahali hapo, bado hajakuambia anauza nini.

Elimu yenyewe ni ya zamani kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1902 Mfaransa Paul Sabatier alionyesha kwamba nikeli huweza kuiunganisha hewa ukaa na haidrojeni ikatoka methani, gesi inayofaa kupikia, na kazi yake ya vichocheo ilimletea Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Hata kabla yake, Wajerumani walikwisha jua kuibana hewa ukaa ndani ya fenoli na kupata asidi ambayo aspirini hutengenezwa kwayo, hivyo kidonge cha aspirini kilichomo kabatini mwako kina kaboni iliyowahi kuwa hewa ukaa. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Uingereza, ICI, ilileta kichocheo cha shaba, zinki na alumina ambacho hutengeneza methanoli kwenye joto la nyuzi 200 hadi 300 na kwenye mgandamizo wa mara 50 hadi 100 ya ule wa hewa tunayovuta. Ndugu za kichocheo hicho ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya methanoli ya dunia mpaka leo. Kisha katikati ya miaka ya 1980 Mjapani Yoshio Hori na wenzake wakaonyesha jambo ambalo bado linawakosesha watafiti usingizi: ukipitisha umeme kwenye kipande cha shaba kilichozama katika maji yenye hewa ukaa, unapata methani na ethilini. Fedha na dhahabu huishia kwenye monoksaidi ya kaboni, bati huishia kwenye asidi ya fomiki, na katika metali za kawaida ni shaba peke yake inayoendelea mbele mpaka kwenye vitu vyenye kaboni mbili kwa wingi wa kuridhisha. Ethilini ndiyo mama wa ndoo, mabomba na mifuko.

Hapo ndipo swali la uendelevu linapoanza, nami naliona pana kuliko linavyoelezwa. Kichocheo endelevu kinatazamwa kwanza kwa asili ya metali yake. Aina moja maarufu ya mitambo ya kuchanganua maji kwa umeme ili kupata haidrojeni hutumia iridiamu, na dunia nzima huchimba tani chache tu za iridiamu kwa mwaka, nyingi zikitoka Afrika Kusini. Huwezi kuusimamisha uchumi wa dunia juu ya metali adimu kiasi hicho. Chuma, shaba, zinki na nikeli ni habari nyingine, na shaba iko kwa majirani zetu Zambia na Kongo. Kinatazamwa pia kwa uaminifu wa kazi. Shaba ya Hori hutoa mchanganyiko wa vitu vingi kwa mpigo mmoja, na kuvitenganisha vitu hivyo kunakula nguvu ambayo matangazo hayaitaji. Halafu kuna umri. Mvuke wa maji, ambao huzaliwa kila hewa ukaa inapogeuka methanoli, hufanya chembe ndogo za shaba zishikamane na kuvimba, na uso wa kufanyia kazi hupungua. Katika mitambo ya umeme, sehemu ya hewa ukaa hukutana na magadi yaliyomo ndani ikageuka chumvi, chumvi ikaziba vitundu vya kupitishia gesi. Watu wa Gongoni na Marereni, wanaovuna chumvi kwa jua, hawahitaji kuelezwa jinsi chumvi inavyokauka na kuziba.

Na kuna sumu. Salfa, hata kidogo, hushika uso wa shaba na nikeli na kuuziba. Moshi wa makaa ya mawe una salfa.

Nimeyataja makaa ya mawe kwa makusudi, maana hapa Lamu jambo hili halikuwa nadharia. Kampuni ya Amu Power ilipewa leseni ya kujenga mtambo wa makaa wa megawati 1,050 huko Kwasasi. Wakazi, wakiwemo wa muungano wa Save Lamu, walipinga, na tarehe 26 Juni 2019 Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta leseni hiyo. Ilisema wananchi hawakushirikishwa inavyopaswa, na sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa. Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoko Malindi ikaitupa rufaa ya kampuni. Wavuvi na wakulima walisimama imara kwa miaka, na ninawaheshimu kwa hilo.

Sasa tuchukulie kwamba kesho anakuja mtu na kusema: leteni tena makaa, safari hii moshi wote tutaugeuza methanoli kwa kichocheo cha kisasa. Tupige hesabu pamoja naye. Mtambo wa makaa huzalisha takriban uniti 1,100 za umeme kwa kila tani ya hewa ukaa inayotoka bombani. Kuigeuza tani hiyo kuwa methanoli kunahitaji kilo 136 za haidrojeni. Haidrojeni safi hupatikana kwa kuchanganua maji kwa umeme, na kilo moja hula takriban uniti 50. Zidisha, utapata uniti 6,800. Yaani ili kuushughulikia moshi wa umeme ule, unahitaji umeme safi mara sita ya ule uliozalishwa. Mwishowe unapata kilo 727 za methanoli ambayo, ukiichoma yote, inakupa joto la uniti kama 4,000, na hewa ukaa ile ile inarudi angani. Mwenye umeme safi mara sita hana sababu ya kugusa makaa. Hesabu hii haitegemei ubora wa kichocheo, kwa kuwa karibu yote imo ndani ya haidrojeni. Kichocheo bora kabisa kitapunguza hasara pembeni tu.

Ndiyo maana, nikitazama mitambo iliyojengwa kweli, macho yangu hayaendi kwenye kichocheo kwanza. Kule Iceland, mahali panapoitwa Svartsengi, ulijengwa mtambo uliokamilika mwaka 2012 na kupewa jina la George Olah, mshindi wa Nobel wa kemia wa mwaka 1994 aliyepigania sana methanoli. Ulipanuliwa mwaka 2015 hadi uwezo wa tani 4,000 kwa mwaka. Hewa ukaa uliipata kwenye mvuke wa ardhini, na umeme ulikuwa wa nchi yenye mito na joto la ardhi kupita mahitaji ya watu wake. Teknolojia ya kampuni iliyoujenga ikapelekwa China, mji wa Anyang, ambako mtambo wa tani 110,000 za methanoli kwa mwaka ulianza kazi 2022. Hewa ukaa ya Anyang inatoka kwenye matanuu ya chokaa. Niliposoma hivyo nilifurahi, kwa sababu chokaa na saruji ni bidhaa ambazo hata ukitumia jua kuzichomea, jiwe lenyewe litatoa hewa ukaa. Moshi wa aina hiyo hauepukiki kirahisi, na kuukusanya kuna maana. Lakini haidrojeni ya Anyang inatoka kwenye gesi ya viwanda vya kuokea makaa ya mawe. Mtambo mmoja, nusu yake ni mfano wa kufuatwa na nusu nyingine imefungwa kwenye makaa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la hewa ukaa lina safu ambayo wauzaji hupenda kuiruka: kaboni inakwenda wapi baada ya kuuzwa? Dunia leo hutumia takriban tani milioni 230 za hewa ukaa kwa mwaka. Zaidi ya nusu huingia katika mbolea ya yurea, na nyingi ya zilizobaki husukumwa ardhini ili kutoa mafuta zaidi visimani. Upande wa pili wa daftari, uchomaji wa nishati duniani hutoa zaidi ya tani bilioni 35. Matumizi hayo yote hayafiki asilimia moja. Yurea ikimwagwa shambani huachia hewa ukaa yake ndani ya siku au wiki. Methanoli huiachia siku inapochomwa. Godoro ni afadhali: huko Dormagen, Ujerumani, tangu 2016 kampuni ya Covestro hutengeneza malighafi ya sponji ambayo hadi sehemu moja kwa tano ni hewa ukaa, na hapo kaboni hukaa kwa miaka ambayo godoro linalaliwa. Ukuta wa chokaa huishinda sponji kwa karne.

Sisi wenyewe Wakenya tuna biashara ya hewa ukaa, ingawa wachache wanaijua. Kampuni ya Carbacid huichimba ardhini Kereita, kaunti ya Kiambu, ikasafishwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa soda na wengineo. Sina ugomvi na biashara hiyo. Ila inanipa wazo kwamba nchi ambayo tayari ina soko la hewa ukaa, ina mvuke wa ardhini wa Olkaria, na tangu Septemba 2023 ina mkakati wa haidrojeni ya kijani uliotaja mbolea na methanoli, ina pa kuanzia. Naona pa kuanzia ni bara, karibu na mvuke wenyewe. Si lazima kila kitu kishuke Pwani.

Tunapofika Pwani, nawasikia watu wakiitaja bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Mwaka 2023 kampuni ya meli ya Maersk iliingiza baharini meli ya kwanza ya makontena inayotumia methanoli, iitwayo Laura Mærsk, na meli kubwa zaidi za aina hiyo zimefuata. Hoja inakuja haraka: tutengeneze methanoli Malindi kwa jua, tuiuze Lamu kwa meli. Ni hoja nzuri na inastahili kupimwa. Mtambo wa jua wa Langobaya, nyuma ya Malindi, una paneli za megawati 52. Umeme wake wote wa mwaka mzima, bila kumpa mtu hata taa moja, ungetosha methanoli isiyozidi sana tani 8,000. Meli kubwa ya makontena ikienda kasi huweza kuchoma zaidi ya tani 100 za mafuta mazito kwa siku, na methanoli ina takriban nusu ya nguvu kwa uzito ule ule, hivyo ingehitaji tani 200 na zaidi. Langobaya nzima ingeibeba meli moja kwa siku arobaini hivi. Anayesema Lamu iwe kituo cha mafuta ya meli anasema, kwa maneno mengine, kwamba Pwani ijae paneli na vinu vya upepo mara nyingi ya tulivyo navyo. Huenda siku moja iwe hivyo. Ardhi ya nani itatumika, na umeme utapita vijiji gani ambavyo vyenyewe havina waya, ni maswali ya leo.

Mbolea naipa uzito zaidi. Kenya huagiza karibu mbolea yake yote ya viwandani, na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, mkulima wa Mpeketoni aliuona mfuko wa mbolea ukimpita. Yurea inahitaji amonia, amonia inahitaji haidrojeni, na kichocheo cha amonia kwa zaidi ya miaka 100 ni chuma, metali ambayo haina uhaba. Hewa ukaa inayohitajika ni chini ya tani moja kwa tani ya yurea, na yaweza kutoka kwenye viwanda vya saruji badala ya gesi asilia. Sehemu hiyo ya kaboni itarudi angani, nimekwisha kusema, lakini gesi asilia ya kutengenezea itakuwa imebaki ardhini, na mkulima hatangoja meli kutoka Ghuba.

Maji ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko yote. Kilo moja ya haidrojeni inataka lita 9 za maji safi kabisa, kabla hujahesabu ya kupoozea. Tani moja ya methanoli, kwa hiyo, ni zaidi ya lita 1,600. Mji wa Lamu hunywa maji yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na kila anayeishi hapa anajua visima vikivutwa kupita kiasi maji ya chumvi huingia. Hakuna kiwanda cha haidrojeni kinachopaswa kuyagusa maji yale, hata kwa mwezi mmoja wa majaribio. Maji yatoke baharini, yasafishwe, na gharama yake iwe ndani ya bei tangu siku ya kwanza. Tena ile chumvi nzito inayobaki isimwagwe kwenye vijito vya mikoko.

Mikoko nayo ina haki ya kutajwa kwenye makala ya vichocheo. Lamu ina zaidi ya asilimia 60 ya mikoko ya Kenya. Ndani ya kila jani la mkoko, mchu au mkandaa kuna kichocheo cha asili kiitwacho rubisko, chenye magnesi katika kitovu chake, kinachofanya kazi kwa joto la kawaida na kwa mwanga wa jua. Ni cha polepole mno, molekuli chache tu za hewa ukaa kwa sekunde, na mara nyingine hukosea kikashika oksijeni. Lakini mti wenyewe hukitengeneza, hakihitaji iridiamu, na tope la mikokoni hutunza kaboni kwa muda ambao hakuna godoro litakaloufikia. Kiwanda chochote cha hewa ukaa kitakachotaka kukata mikoko ili kipate gati kimeanza na deni.

Nisieleweke kwamba tungoje wengine wafanye. Majaribio ya umeme na shaba hayahitaji mabilioni. Kifaa kidogo cha maabara, chanzo cha umeme, waya za shaba na mashine ya kupima gesi vinatosha mwanafunzi kuanza kuuliza maswali ya kweli, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, katikati ya jua, bahari na viwanda vya saruji. Titani ya Kwale ilisafirishwa nje kama mchanga kuanzia 2014 hadi uchimbaji ulipokoma Desemba 2024, na mchanga wa jamii hiyo uko pia Mambrui. Dioksaidi ya titani ndiyo iliyotumiwa na Wajapani Fujishima na Honda mwaka 1972 kuonyesha kwamba mwanga unaweza kuyachanganua maji. Mavuno yake kwa hewa ukaa bado ni haba, hilo nalikubali. Lakini kuiuza metali hiyo kwa meli nzima nzima bila vijana wa Pwani kufundishwa matumizi yake ya juu ni hasara isiyoonekana kwenye risiti.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa serikali za kaunti za Lamu na Kilifi ni dogo. Mradi wowote wa kugeuza hewa ukaa ukiomba ardhi, uandike kwenye ukurasa wa kwanza haidrojeni inatoka wapi, umeme ni uniti ngapi kwa kila tani, maji ni ya kisima gani au bahari gani, kichocheo ni cha metali ipi na kikichoka kinatupwa wapi, na kaboni itakaa nje ya anga kwa muda gani. Ukurasa huo uandikwe kwa Kiswahili, usomwe barazani Kwasasi, Shela na Langobaya, na usomwe kabla ya leseni kutolewa.